Baiskeli ukishafika sitini: tunavyochangia njia na waenda kwa miguu hapa Bristol

Wazee wenzangu mlioko huku Uingereza, leo naomba tuongee baiskeli. Wengi wetu tumestaafu au tunakaribia, daktari kila siku anasema presha, sukari, fanya mazoezi, watoto wanakununulia baiskeli nzuri halafu inakaa stoo inakula vumbi kwa sababu unaogopa magari. Mimi nimekulia Shinyanga, kule baiskeli ndo daladala, ndo inabeba mahindi, ndo inampeleka mgonjwa zahanati, kwa hiyo kuendesha najua toka utotoni, ila kuendesha ukiwa na miaka 63, baridi imekaza, kwenye njia imejaa watu na mbwa na vitoto, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hapa Bristol tumebahatika kuwa na ile Bristol and Bath Railway Path. Zamani ilikuwa reli, ikafungwa kwa abiria 1966, wakaja watu wa kujitolea wa kikundi kinaitwa Cyclebag wakaanza kuigeuza njia mwaka 1979, mpaka 1986 ikawa imekamilika, maili 13, yaani kama kilomita 21 hadi Bath. Magari hayapiti, ila kuna sehemu unavuka barabara. Na kwa vile treni haiwezi mlima mkali, miinuko yake ni ya taratibu, hata magoti yetu yanaimudu.

Sasa wengi wanadhani kinachomuumiza mzee kwenye baiskeli ni mwendo. Kwa ninavyoona mimi, wa rika letu tunaanguka zaidi tukiwa karibu tumesimama: unapopanda, unaposhuka, unapogeuza, au mtoto amekatiza ghafla unashika breki mguu unatafuta ardhi hauioni, unalala upande kama gunia, na nyonga zetu sio za kuangukia lami jamani. Kwa hiyo kabla hujawaza kwenda Bath jifunze kusimama.

Kuna dada mmoja jirani yetu, Mchaga, ameshapita sitini, baiskeli aliiacha alipomaliza shule ya msingi. Mumewe akampandishia siti juu kama za vijana wa mashindano, eti ndo mguu unakunjuka vizuri. Tukaishusha mpaka akikaa nyayo zote mbili zinakanyaga chini, tukatoa pedeli kabisa, tukaenda kwenye majani bustanini, akawa anajisukuma tu kwa miguu, anashika breki, anasimama, anajisukuma tena, asubuhi nzima ni hivyo tu. Vijana wanapita wanashangaa, mwenzetu hana habari nao. Mwishoni ukimwambia simama, mguu wa kushoto unatua wenyewe bila kuangalia chini, ndo tukarudisha pedeli. Na fremu yake ni ile iliyobonyea katikati, unavusha mguu bila kuunyanyua. Wanaume wenzangu mnaoziita baiskeli za kike, naomba muache, kuzungusha mguu juu ya lile bomba kama tulivyofanya na Phoenix za wazee wetu ndo kunatuangusha.

Tukija kwenye kupishana, tukumbuke kwamba mwenye miguu ndo mkubwa kwenye njia hizi. Kanuni za barabara za hapa zilibadilishwa Januari 2022, zikaweka wazi kwamba anayeweza kumuumiza mwenzake zaidi ndo mwenye wajibu mkubwa wa kujihadhari, na sisi wa baiskeli tumeambiwa tusiwapite watu kwa karibu wala kwa kasi, hasa tukitokea nyuma. Kaa kushoto kama nyumbani. Kengele ipige mapema ukiwa bado mbali, usisubiri uwe mgongoni kwa mtu, maana akishtuka hujui atarukia upande gani. Asipogeuka usikasirike, labda kaweka hedifoni, labda hasikii, punguza mwendo kabisa, sema samahani, pita polepole, sema asante. Mbwa akiwa huku na mwenyewe yuko kule, chukulia kuna kamba katikati hata kama huioni, zile kamba zinazojivuta ni nyembamba sana. Watoto wa skuta ndo simama kabisa, hakuna aibu.

Pale Staple Hill kuna handaki kama nusu kilomita. Macho ya mzee yanachelewa kuzoea giza ukitoka juani, kwa hiyo kabla hujaingia vua miwani ya jua, washa taa mbele na nyuma, nenda mwendo wa mtu anayetembea haraka mpaka uone vizuri. Msimu majani yakidondoka, Oktoba na Novemba, yakilowa yanateleza vibaya, usikate kona wala kushika breki kwa nguvu juu yake. Na kuhusu breki, hapa Uingereza mkono wa kulia kwa kawaida ndo breki ya mbele, ukienda kutembelea ndugu Uholanzi au Ujerumani mara nyingi ya mbele ni kushoto, na nyingine ya nyuma unarudisha pedeli ndo inashika, kwa hiyo baiskeli ya kuazima ijaribu kwanza uwanjani.

Wale wa dawa za presha mnajua ukiinuka haraka kichwa kinazunguka, basi ukishashuka simama kidogo umeshika usukani kabla ya kutembea, na ikikujia mara kwa mara mwambie daktari. Na hili nalisema kwa uzito, kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda halafu umeanguka ukagonga kichwa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajisikia mzima, hata kama ulivaa helmeti, damu inaweza kuvujia ndani taratibu. Helmeti hapa sheria haikulazimishi, mimi nasema vaa.

Za umeme watu wananiuliza sana. Zinazoruhusiwa bila leseni ni zenye mota isiyozidi wati 250 na inaacha kusukuma ukifika kilomita 25 kwa saa. Zinasaidia kweli mlimani na kwenye upepo, ila ni nzito, na nyingi ukikanyaga pedeli kidogo tu inachomoka, kwa hiyo wakati wa kupanda vidole viwe kwenye breki zote mbili. Ukiweza anza na ya kawaida kwanza.

Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi siku za kazi, kabla ya hapo wanapita wa kuwahi kazini na wanakimbia kwelikweli. Kwa anayeanza ningemwambia asianzie mjini, aanzie Bitton, pale kwenye stesheni ya zile treni za mvuke, aelekee Saltford, sehemu hiyo ni tambarare na unavuka mto Avon juu ya daraja la zamani la reli. Ukichoka unageuza tu, ila shuka kwanza, uigeuze kwa mkono, usikate kona ukiwa umekaa. Walio Bristol wakitaka kampani waniandikie hapo chini, na pampu ninayo, tairi zenu zilizokaa stoo muda mrefu hazina upepo.