Bodi ya IoT inayolala: umeme unavujia kwenye soketi

Datashiti, yaani karatasi za vipimo za watengenezaji wa chipu, huwa zinaleta raha kwa mtu anayebuni bodi ya IoT, kifaa cha betri kinachotuma vipimo vya sensa kwa redio. Mikrokontrola ya nRF52840, chipu inayoendesha bodi, ikilala (ikisimamisha kazi ili kuokoa betri) huku saa yake ya ndani inatembea, inakula takriban mikroampea 1.5. Redio ya SX1262 ikilala bila kusahau mipangilio yake, 0.6. Jumla ni mbili na ushee. Halafu bodi inarudi kutoka kiwandani, unaipima, unakuta mikroampea 400. Chipu hazina kosa. Kwenye bodi ya moduli, yaani bodi mama yenye mikrokontrola, redio na betri, pamoja na soketi kadhaa za kuchomeka moduli za sensa, umeme mwingi huvujia hapo kwenye soketi.

Kwanza tumalize la regyuleta, chipu inayoshusha volti za betri hadi 3.3 za bodi, maana ni fupi. AMS1117, ile inayouzwa kila duka la vifaa vya elektroniki, yenyewe tu inakula kama miliampea 5 hata bodi ikiwa haifanyi lolote. Betri ya 18650 yenye mAh 2500 inaisha ndani ya saa 500, siku 21 hivi, kabla sensa haijatuma chochote cha maana. Weka MCP1700 ya volti 3.3: inakula mikroampea 1.6, inatoa hadi miliampea 250, na SX1262 ikituma kwa nguvu yake yote ya dBm 22 inahitaji kama 118. Inavumilia volti 6 upande wa kuingilia, kwa hiyo 5 za USB haziiunguzi. Ila umbo lake na mpangilio wa pini zake huenda visilingane na vya AMS1117, kutegemea toleo unalonunua. Usinakili mchoro wa zamani wa pini ukabadilisha jina tu.

Sasa soketi. Kila moja iwe na swichi yake ya umeme, transista ya P-MOSFET kama AO3401A. Source (mguu wa kuingilia umeme) kwenye volti 3.3 za bodi, drain (wa kutokea) kwenye soketi, rezista ya megaohmu 1 kati ya gate (wa kuamuru) na source ili swichi ibaki imezimwa mikrokontrola inapoanza. Kati ya pini ya mikrokontrola na gate weka kilohmu 10, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya gate na source. Hicho kikapasita, kinachoiwasha swichi polepole, ndicho watu hukiruka. Moduli yenye kapasita ya mikrofaradi 47 kwenye ingizo lake la umeme ikiwashwa ghafla inanyonya umeme wote wa laini, volti zinaanguka, mikrokontrola inajiwasha upya, inawasha soketi tena, na mzunguko hauishi. Ukiliona hilo, usianze kuchambua programu.

Swichi peke yake haitoshi, na hapa ndipo bodi nyingi zinapokwama. Chukua soketi ya I2C, mawasiliano ya waya mbili (SDA na SCL), yenye rezista mbili za kuvuta juu (za kuziweka waya kwenye volti zikipumzika) za kilohmu 4.7, zilizofungwa kwenye volti 3.3 za kudumu. Umezima moduli. Umeme unapita kwenye rezista, unaingia kwenye pini ya SDA ya sensa, unapanda kupitia dayodi ya ulinzi iliyo ndani ya chipu, unafika kwenye laini yake ya umeme. Toa volti 0.6 za dayodi kwenye 3.3, gawa kwa 4.7k: hadi mikroampea 570 kwa waya mmoja, na waya ni mbili. Kibaya zaidi, sensa haifi wala haiko hai. Inabaki na volti moja na kitu, na ukiiwasha tena haijianzishi vizuri, inakataa kujibu. Watu hulaumu sensa.

Kwa hiyo rezista za kuvuta juu zikae upande wa pili wa swichi, zizimike pamoja na moduli. Kabla ya kuzima, programu iachie pini zote za soketi hiyo: ingizo lililokatwa, bila kuvuta juu wala chini. Kwenye njia nyingine za mawasiliano, CS ya SPI (pini ya kuchagua chipu) na TX ya UART (pini ya kutuma) ndizo husahaulika, kwa sababu zikipumzika huwa juu, nazo zinalisha moduli iliyozimwa vilevile.

Soketi mbili zikitumia waya zilezile za I2C, iliyozimwa itazivuta chini waya za iliyowashwa. nRF52840 inaruhusu kupeleka I2C kwenye pini unazotaka, basi kila soketi ipe jozi yake, programu ihame kutoka jozi hadi jozi. Pini zipo 48, zinatosha.

Si kila sensa inafaa kuzimwa, lakini. BME280, sensa ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, ikilala inakula mikroampea 0.1, iache na umeme wa kudumu. Ndiyo maana soketi ipewe pini mbili za umeme, ya kudumu na ya swichi, moduli ichague. Na ziba tundu moja la soketi, ukate pini yake upande wa moduli, kwa sababu kuna siku mtu ataichomeka kinyume.

Kwa redio, NSS ya SX1262 (pini yake ya CS) iwe na rezista ya kilohmu 100 kwenda volti 3.3. Ikielea wakati mikrokontrola imelala, mshuko mdogo wa volti unaiamsha redio, nayo inakaa ikisubiri kwa miliampea 0.6. Njia ya antena iwe ya ohmu 50: karibu milimita 0.35 kwenye bodi ya tabaka nne yenye graundi milimita 0.2 chini yake, lakini karibu 3 kwenye bodi ya kawaida ya tabaka mbili yenye unene wa 1.6. Acha nafasi tatu za vipande vya kurekebisha antena, ya katikati ukianza na ohmu 0. Kumbukumbu ya flashi ya W25Q ipewe amri ya B9 kabla ya kulala, iamshwe kwa AB.

Multimita kwenye skeli ya mikroampea ina ukinzani mkubwa ndani. Redio ikiamka, volti zinaanguka na bodi inazima. Kifaa kama Power Profiler Kit II, kinachosoma kuanzia nanoampea 200 hadi ampea 1, kinafaa zaidi. Weka rezista ya ohmu 0 kwenye laini ya umeme ya kila sehemu, uzing'oe moja moja hadi namba ishuke. Ikiwa hata zote zikitoka bado kuna mikroampea chache zinazopanda asubuhi na kushuka mchana, osha bodi kwa alkoholi ya isopropili: ni fluksi (kemikali ya kulehemu) iliyobaki karibu na rezista za megaohmu, inanyonya unyevu, na kwa bodi ya kwenda Tanga au Mombasa paka na vanishi ya kinga baada ya kukauka, ukiziba soketi kwanza.