Kinyongo Nacho Ni Unajisi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii linatoka Waebrania 12:14-15: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao, mkiangalia sana mtu asiipungukie neema ya Mungu, shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua, na watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo."

Mstari wa 14 tunaukariri sana. Tukihubiriwa utakatifu, mawazo yetu hukimbilia uzinzi, ulevi, wizi na uongo, na ni kweli, hizo zote ni dhambi na Biblia haizifumbii macho. Lakini angalieni mwandishi anapotaja unajisi, anaona unatoka wapi. Unatoka kwenye uchungu uliokaa ndani ya mtu mpaka ukachipuka na kuwafikia wengi. Mwasherati anatajwa baadaye, mstari wa 16. Uchungu umetangulia.

Hapo ndipo Neno hili linaponichoma. Mtu anaweza kufunga na kuomba, akatoa zaka kwa uaminifu, akajitenga na kila starehe ya dunia, na bado kuna ndugu ambaye hamsalimii mwaka wa pili sasa. Naye anajihesabu kuwa mtakatifu, maana hanywi wala hazini. Kikulacho ki nguoni mwako. Tumeweka walinzi kwenye mlango wa mbele, na kinyongo tumekipa chumba ndani.

Tena hakikai peke yake. Mama hasemi na jirani, kesho watoto nao hawachezi pamoja. Wanakwaya wawili wamekwaruzana, baada ya muda kwaya nzima ina pande mbili. Na kuna njia moja ambayo naona inatudanganya kuliko zote: tunapeleka jina la mtu kwenye kikundi cha maombi, "tumwombee fulani, ana shida hii na hii," kumbe moyoni tunataka watu wajue alichotutenda. Uchungu umevaa vazi la maombi, na waliotusikia wametoka pale wakimtazama ndugu yao kwa jicho jingine. Ndivyo watu wengi wanavyotiwa unajisi.

Mstari wa 16 unamtaja Esau, aliyeuuza urithi wake kwa chakula kimoja. Kwa hiyo turudi Mwanzo 32 na 33. Yakobo alimdanganya baba yake akachukua baraka ya kaka yake Esau, akakimbia, akakaa kwa Labani miaka 20. Anaporudi anasikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400. Anaogopa sana. Anatanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Usiku ule anabaki peke yake penye kivuko cha Yaboki, anashindana mweleka hadi alfajiri, na anaondoka akichechemea, akisema amemwona Mungu uso kwa uso.

Jua linapochomoza, Esau huyu hapa. Yakobo anainama mpaka nchi mara saba. Esau anapiga mbio, anamkumbatia, anambusu, wote wawili wanalia. Ndipo Yakobo anamwambia kaka yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Aliyesema hivyo ndiye aliyetoka kumwona Mungu usiku uleule! Ningekuwa na nafasi ya kuwaachia jambo moja tu wiki hii, ningewaachia hilo. Waebrania wanasema bila utakatifu hapana atakayemwona Bwana, na Yakobo anaiona sura ya Mungu kwenye uso wa ndugu ambaye yeye mwenyewe alimkosea.

Bwana Yesu naye anauweka utakatifu karibu na amani. Mathayo 5:8, wenye moyo safi watamwona Mungu. Mstari unaofuata, wapatanishi wataitwa wana wa Mungu. Mbele kidogo, mstari wa 23 na 24, anasema ukileta sadaka madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane naye kwanza. Hakusema wewe una neno juu yake. Yeye ndiye aliyeumia, wewe ndiwe unayeinuka. Hapo hakuna nafasi ya kusema "anajua nilipo, akitaka atakuja."

Lakini tusielewane vibaya. Amani si kunyamazia uovu. Yeremia aliwakemea walioliponya jeraha la watu kwa juu juu, wakisema "Amani, amani," wala hapana amani. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la amani. Huyo apewe ulinzi na msaada, na anayempiga azuiwe. Kule Antiokia, Petro alipoacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Paulo alipingana naye ana kwa ana, mbele ya wote, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la wote. Hakumsengenya pembeni. Na ukifungua 2 Petro 3:15 utakuta anaitwa "ndugu yetu mpenzi Paulo." Ukweli uliosemwa usoni haukuua undugu. Kinachoua ni yale tunayoyasema mtu akishatupa kisogo.

Wala amani haidai kila mara mkae hema moja. Baada ya machozi yale, Esau alirudi zake Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Mwanzo 35:29 inawaonyesha tena pamoja, wakimzika baba yao Isaka.

Wako pia waliokwishapiga hatua. Umepiga simu haikupokelewa, umetuma mtu karudi mikono mitupu, umeomba msamaha ukajibiwa kwa maneno makali. Paulo alilijua hilo, ndiyo maana katika Warumi 12:18 akaandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako ndio utakaoulizwa. Usimsimulie mtu mwingine yale majibu makali uliyopewa. Mtaje kwa jina mbele za Mungu kila siku ya wiki hii, ukimwombea mema yaleyale unayoyaombea nyumba yako. Na siku akigeuka, hata kama ni kwa salamu fupi tu njiani, mwitikie.