Kitenge Kinachonifaa

Watu wengi huchagua kitenge kwa kuvutiwa na rangi zake kinapokuwa kimetundikwa dukani, ilhali nguo haivaliwi ikiwa imetundikwa. Mimi ninayependa mavazi yaliyotulia huomba kikunjuliwe, hukitandaza begani mbele ya kioo, kisha huangalia ukubwa wa maua yake, kwa kuwa ua lenye upana wa sahani hukatwakatwa na mishono ya blauzi, lakini hupendeza sana katika sketi ndefu isiyo na marinda.

Kwa joto la Dar es Salaam, pamba haina mpinzani. Poliesta hung'aa na haikunjamani upesi, ila hainyonyi jasho. Pamba nayo huweza kusinyaa, hivyo hukifua kitambaa kabla ya kukipeleka kwa fundi. Huko kwa fundi ndiko mtindo wangu hulindwa au hupotea: humwonyesha nguo yangu ya zamani inayonikaa vizuri, badala ya picha ya mwanamitindo mwenye umbo lingine kabisa, nami humwomba aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni ili nguo iweze kuongezwa mwili ukibadilika.

Sare za harusi, ambazo rangi zake huamuliwa na kamati (na kamati huwa na ladha zake), ni jambo jingine. Hapo mimi hujitetea kwa mshono tu, na kitambaa kikiwa cha zambarau kali, hushonesha gauni la kawaida lenye mikono mifupi, bila riboni wala shanga.