Chase ni fundi au ni takataka? Inategemea umeokota kipi

Jumamosi nilipita Posta kwa yule kaka anayepanga vitabu vya mtumba chini kwenye turubai, nikaokota vitabu viwili vya James Hadley Chase, yule mwandishi wa hadithi za uhalifu. Kimoja, Tiger by the Tail, kava lake linashikiliwa na selotepu, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukikifungua kinatoa ile harufu ya kabati la bibi. Nikiwa bado nimechuchumaa mzee mmoja akainama, akakitazama, akasema, kijana, hivyo ndivyo vilivyonifundisha Kiingereza, shule ilinifundisha kuogopa Kiingereza tu. Rafiki yangu niliyekuwa naye ni mwalimu wa fasihi sekondari, akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu hapohapo akamwambia ila mzee wangu hizo ni takataka, zimeharibu watu. Basi wakaanza, tukasimama pale juani karibu nusu saa, hadi muuza vitabu akatusogezea kiti cha plastiki mzee akae.

Nimeondoka na huo ubishi kichwani na bado haujatoka, ndo maana naandika.

Mi Chase nimemjua kupitia boksi la baba mdogo. Lilikuwa chini ya kitanda, na vitabu vyote vilikuwa vimefunikwa na gazeti kama madaftari ya shule, nikadhani anavitunza visichakae, kumbe anaficha makava. Waliosoma yale matoleo ya miaka ya 70 mnayajua, mwanamke nusu uchi, bastola, wakati mwingine noti za dola, na ndani ya kitabu huyo mwanamke wa kwenye picha wala hayupo. Naamini nusu ya watu wanaomdharau Chase walimhukumu pale pale kwenye kava, na nusu ya waliompenda utotoni walivutwa na hilohilo kava, kwa hiyo pande zote mbili zinabishania picha ambayo yeye hakuipiga.

Sasa huyu mtu ni nani. Jina lake halisi ni René Lodge Brabazon Raymond, Mwingereza, kazaliwa London mwaka 1906, akafa Uswisi mwaka 1985. Kabla ya kuandika alikuwa anatembeza ensaiklopedia nyumba kwa nyumba, baadaye akafanya kazi kwenye biashara ya jumla ya vitabu, yaani alijua kabisa watu wananunua nini. Kitabu cha kwanza, No Orchids for Miss Blandish, kilitoka 1939 kikauza vibaya sana (vibaya kwa maana ya kwetu, yaani mno). Toka hapo akaandika karibu vitabu 90. Tisini! Na karibu vyote habari zake ni za Marekani, nchi ambayo hakuishi, aliijua kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani.

Hilo la Marekani ndilo mwalimu alilianza nalo, kwamba mtu anaandika mji asioujua huyo anadanganya. Mi sikubaliani naye na nitasema kwa nini. Mtu aliyezaliwa sehemu huwa anaruka vitu, anaona kila mtu anajua. Chase alikuwa mgeni kama sisi, kwa hiyo anakuelekeza, unaingia hotelini, unapita mapokezi, lifti iko pale, ngazi ya dharura iko nyuma, gari umeliacha mtaa wa pili, na msomaji wa Tandika ambaye hajawahi kupanda lifti anafuata bila kupotea. Mzee alisema jambo hilohilo kwa maneno yake, akasema mwanangu mimi nilikuwa karani bandarini, sijawahi kutoka Dar, lakini ile nyumba ya kwenye Tiger by the Tail naweza kukuchorea. Akaanza kusimulia hapohapo, karani wa benki, mke kasafiri, mwenzake wa kazini kamtia maneno, akajikuta kwa msichana asiyemjua, na kabla usiku haujaisha msichana kachomwa chuma cha kuvunjia barafu na yeye yumo humo ndani. Kakisoma miaka mingapi iliyopita lakini anasimulia kama habari ya jirani.

Na hapo ndo penye fundi ninayemtetea. Chase akiwa amekaa vizuri hakupi shujaa. Anakupa mtu wa kawaida mwenye shida ya pesa, anakuja mtu na ofa, jamaa anakubali kitu kidogo tu, halafu kile kidogo kinadai kingine, na kingine, na we msomaji uko upande wake muda wote hata pale unapojua ameshakuwa mtu mbaya. Chukua There's Always a Price Tag ya 1956. Glyn Nash hana kazi ya maana, anamwokoa tajiri mlevi wa sinema asigongwe na gari, anapewa udereva nyumbani kwake, na mle ndani kuna mke mzuri na bima ya maisha ya dola 750,000. Kila mtu anajua inakoelekea, watamuua mume. Kumbe mume anajiua mwenyewe! Na bima hailipi mtu aliyejiua. Kwa hiyo hawa wawili ambao hawajamuua mtu wanalazimika kutengeneza mauaji, na ili muda wa kifo usijulikane wanamweka marehemu kwenye friza. Jamani ile friza. Nilikisoma nikiwa kidato cha pili, nyumbani wamelala, na kila mtu kwenye kitabu akisogea upande wa friza mimi nabana pumzi. Wahindi wameitengenezea filamu hiyo hadithi, Maharathi ya mwaka 2008, na sishangai, maana fumbo lenyewe ni la kihesabu kabisa, halihitaji Marekani wala Uingereza.

Mtu akiniambia hiyo ni takataka namwomba aandike moja tu kama hiyo.

Lakini mwalimu naye hakuwa mjinga na kuna sehemu alinishika. Alisema huyu mtu alikuwa anachota kwa wenzake, na ni kweli, Raymond Chandler, mwandishi mwenzake wa hadithi za upelelezi, alilalamika kuwa vipande vyake vimechukuliwa kwenye kitabu ambacho Chase alikiandika kwa jina lingine la Raymond Marshall, na Chase akalazimika kuomba radhi hadharani kwenye gazeti la wauza vitabu la huko Uingereza. George Orwell, mwandishi wa Kiingereza, naye mwaka 1944 aliandika makala juu ya Miss Blandish, na ukitaka kuona msomaji mmoja mwenye maoni mawili kwa wakati mmoja kasome ile. Anasifia uandishi, anasema hakuna neno lililopotea bure, halafu anasema yaliyomo ni mtu kujitosa kichwa mbele kwenye shimo la maji machafu. Miaka 80 imepita na bado mabishano yetu ya Posta ni hayohayo.

Kuna suala la wanawake. Hapa simtetei. Dada yangu alikianza Miss Blandish kwa sababu mimi nilimsifia mwandishi, msichana katekwa, anapigwa, anawekewa dawa, anakabidhiwa yule kichaa mwenye kisu, na dada akakifunga akanirudishia akasema sitaki kujua kinaishaje. Hakuniuliza kitu kingine. Nilijisikia vibaya kwa sababu mimi nilikipita pale nikitafuta ploti inaenda wapi, sikusimama kuona huyo ni mtu. Na si kitabu kimoja, kwa Chase mwanamke mara nyingi ni mtego au ni maiti, wachache sana wanapata kuwa watu kamili. Wanaosema oh zama zile ndivyo walivyoandika, mwaka 1942 mahakama za hukohuko Uingereza zilimtoza faini ya pauni 100 kwa kitabu kingine kilichoonekana kichafu, kwa hiyo hata zama zile watu walikuwa wanaona.

Na cha pili nilichookota Jumamosi ni The Vulture is a Patient Bird cha 1969, ambacho hadithi inakuja huku kwetu, Afrika Kusini, Natal, kwenye jumba la tajiri anayekusanya vitu vya wizi. Wezi wanatumwa kuiba pete ya kale, mpango umekaa vizuri, utamu upo. Lakini Wazulu waliomo wapo kumlinda tajiri na kuwinda watu kwa amri yake, basi. Mwaka huohuo 1969 ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa wanakutana Morogoro hapa kwetu kupanga namna ya kuikomboa nchi yao. Nilipokuwa mdogo sikuunganisha hivyo vitu viwili. Sasa hivi nimekisoma tena usiku wa Jumapili nimeshindwa kutoviunganisha, kila nikigeuza ukurasa nawaona wale wa Morogoro.

Vile vya ujasusi ambavyo mhusika wake ni Mark Girland mi huwa navipita tu, na vya mwishomwisho vya Paradise City, ule mji wake wa kubuni wa Florida, vingi ni kiporo kilichopashwa, polisi walewale, Lepski yuleyule anataka kupandishwa cheo. Ukianza na hivyo utasema jamaa kazidishiwa sifa, na utakuwa sahihi kwa hicho ulichosoma. Ndio maana nasema watu wanabishana kana kwamba Chase ni kitabu kimoja. Mtu aliyeandika 90 huwezi kumpa alama moja, wengine wamesoma vitano vizuri wengine wamesoma vitano vibovu na wote wanaapa.

Kitu kimoja ambacho mwalimu alisema na nilimkatalia palepale ni kwamba Chase ameua usomaji wa Kiswahili. Hapana. Kwenye boksi la baba mdogo Chase alikuwa amelala na riwaya zetu za Kiswahili, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, na Simu ya Kifo ya Katalambula bila kava. Aliyekuwa anasoma hiki ndiye aliyekuwa anakihangaikia kile. Mimi nilianza na Joram nikaishia kwa Chase kwa sababu Joram walikuwa wameisha, nikarudi tena kwa Joram. Ukweli ni kwamba mtu aliyezoea kukimbizana na kurasa anasoma chochote kinachokimbia.

Ile Tiger by the Tail nilimpa mzee. Alikataa mara mbili, ya tatu akaichukua akaiweka kwenye mfuko wa shati ikawa inachungulia. Mwalimu ameondoka na Price Tag yangu, ile ya tangu kidato cha pili, nimempa kwa sharti airudishe, na jana nimempigia kumuuliza akasema bado yuko mwanzo, mlevi ndo kwanza ameokolewa. Sijamwambia kitu kuhusu friza. Mimi naitafuta Just Another Sucker, kama kuna mtu anayo hata haina kava aniambie, na mniambie pia nyie Chase wenu wa kwanza alikuwa yupi na mlimpata kwa nani.