Agosti 2024: ziwa limefunguliwa, mwezi mkubwa

Agosti imeisha na vumbi lake. Mvua tumeisahau, miembe ya Ujiji hapa Kigoma imevaa rangi ya udongo, na moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda mpaka milima ya Kongo haionekani. Ukimleta mgeni msimu huu ukamwonyesha kwa kidole kwamba kule ng'ambo kuna nchi nyingine, anakuitikia kwa adabu tu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua ninachofanya: nanunua dagaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, nachambua, nafunga, natuma Dar na Dodoma. Kwa hiyo mnajua pia kwa nini nimekuwa kimya. Ziwa Tanganyika lilifungwa, wavuvi wasivue, tarehe 15 Mei, na sisi wa dagaa tukafungwa nalo. Akiba niliyokuwa nayo stoo iliisha mapema kuliko nilivyopiga hesabu, maana kila mteja alinunua kama anayekwenda jeshini. Baada ya hapo nimeishi kwa mawese na asali. Sisemi kwamba mawese hayana hela, yana hela, lakini dumu likivuja ndani ya basi utasikia matusi kutoka Kigoma hadi Morogoro.

Nyumbani nako tumekula ugali wa muhogo na maharage ya mawese mpaka wanangu wakaanza kuulizana kama samaki bado wapo duniani. Mdogo alichora mgebuka daftarini, akauchora na meno makubwa. Nikajua hali imefika pabaya.

Tuongee ukweli kuhusu kufungwa kwa ziwa. Mimi naunga mkono, na nimeshagombana na watu wawili watatu sokoni kwa sababu hiyo. Hatukufunga peke yetu, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki hawana pasipoti, ukifunga upande mmoja umewafungulia wenzako. Na kwamba samaki wamepungua hakuna mvuvi anayebisha. Baba mdogo amevua tangu akiwa kijana asiye na ndevu. Anasema enzi zake karabai moja ilitosha kuwarudisha na mtumbwi unaokaribia kuzama, na leo mtu anawasha taa za sola mpaka unadhani ni harusi, anarudi na ndoo za kuhesabu.

Linaloniuma ni jingine. Mwenye chombo alikuwa na kitu cha kushika: akauza mbuzi, akakopa, akahamia kwenye shamba lake. Lakini kazi ya dagaa ina watu wengi kuliko wanaoonekana ndani ya mtumbwi. Kuna kijana anayebeba ndoo kutoka majini hadi mchangani. Kuna anayelinda vichanja vya kuanikia usiku. Kuna mama anayenianikia mimi, ambaye miezi hii yote amekuwa akikaanga mihogo barabarani na kuwauzia watu ambao nao hawana hela. Hao hawakuingia kwenye mkopo wowote, na kwenye mikutano walikaa nyuma kabisa wakisikiliza. Wakifunga tena, na nadhani watafunga, waanze kwa kuwahesabu hao.

Sasa kuna jambo moja ambalo ndugu zangu wa Dar hamkulielewa, mkanipigia simu kama nawaficha mzigo. "Si tumesikia redioni ziwa limefunguliwa?" Limefunguliwa, ndiyo. Tarehe 15 Agosti. Lakini kwenye kalenda hiyohiyo angalieni tarehe 19 kulikuwa na nini. Mwezi mpevu.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inavuta vijidudu vya majini, dagaa wanafuata vijidudu, wakishajikusanya chini ya mwanga wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linakuwa na taa moja ya bure, dagaa wanatawanyika wanavyotaka, na mafuta uliyochoma kufika huko yamekwenda na maji. Ndiyo maana kila mwezi wavuvi wetu wana siku zao za kukaa nchi kavu kushona nyavu na kulala na wake zao. Tarehe ya kufungua ilipangwa ofisini, na ofisini mwezi hauonekani.

Nilishuka Kibirizi jioni ya kwanza. Sijawahi kuona watu wamechangamka namna ile. Injini zilikuwa zinajaribiwa, vijana wanaimba, watoto wameachwa wacheze majini bila kugombezwa. Nikamkuta baba mdogo amekaa pembeni juu ya rundo la nyavu, anakunywa kahawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na magunia?"

"Nimekuja na mawili. Leo mnaingia?"

"Kuingia tutaingia, mbele za watu utafanyaje? Kupata ndiyo habari nyingine." Akanyanyua kidevu kuelekea juu ya mji, mashariki, ambako mwezi ulikuwa umeshatangulia kutoka. "Yule hakuambiwa."

Asubuhi walirudi. Migebuka kidogo ilipatikana, na mji mzima ukanuka samaki wa kukaanga kabla ya saa nne. Dagaa walikuwa wa kugombania. Nilipotajiwa bei ya sado nilicheka, nikadhani natajiwa ya gunia. Mwenzangu mmoja alinunua kwa bei hiyo kwa sababu ameahidi watu. Mimi nilikunja magunia yangu nikarudi nyumbani kuuza asali.

Ikabidi kusubiri mwezi uchoke. Wiki ya mwisho ndiyo mambo yalianza kukaa sawa, maana mwezi ulikuwa unachomoza usiku wa manane na saa za mwanzo zinabaki giza. Wanawahi kuingia, wanawasha, wanapata, wanarudi. Dagaa wa wiki hii wamenenepa, nawaambia. Hiyo miezi mitatu wamekula.

Niliwashika juzi kwenye kichanja, na kwa wale wanaoniuliza dagaa mzuri wanamjuaje, nasema hivi. Chota kiganja kimoja, fumba, fumbua. Aliyeanikwa vizuri anabaki mzima na mkono wako unang'aa magamba kama umeshika bati jipya. Akivunjikavunjika, alikaa sana. Akiwa na wekundu tumboni, alichelewa kuanikwa. Kisha mtie mmoja mdomoni mbichi hivyohivyo, mtafune kwa magego: ukisikia kishindo cha mchanga, huyo alilala chini ufukweni, rudisha. Wa kwenye kichanja au juu ya wavu hana mchanga. Wapo wanaochanganya na wa Mwanza wakakuuzia kwa jina la Kigoma. Wa Mwanza sina ugomvi nao, nimewala sana kwa mchicha, ila kila mmoja auzwe kwa jina lake na bei yake.

Haya, ya burudani.

Nane Nane jioni nilikwenda kibanda umiza hapa Gungu na mdogo wangu wa kiume. Yanga na Simba, nusu fainali ya Ngao ya Jamii. Mimi ni Yanga wa kurithi, mdogo wangu ni Simba wa ubishi, na tangu mchezaji Clatous Chama avuke barabara Julai kutoka Simba kuja Yanga hatukuwa tunasalimiana vizuri. Maxi Nzengeli akafunga moja, ikatosha. Fainali siku tatu baadaye Azam wakala nne kwa moja, sitaki kuongeza chumvi, matokeo yanajitosheleza.

Lakini nilichobaki nacho cha usiku ule si mpira. Watu walipotoka, wa Simba kimyakimya na wa Yanga na mavuvuzela, nilimbembeleza mwenye kibanda atuwekee Olimpiki. Fainali ya mita 200, Paris. Akasema nani ataangalia watu wanakimbia dakika nusu? Nikamwambia hata nusu haifiki. Tulibaki watu wachache na mama mmoja anayekusanya chupa.

Letsile Tebogo wa Botswana, kijana wa miaka 21. Mama yake alifariki Mei 2024, na tarehe ya kuzaliwa ya mama huyo ilikuwa imeandikwa kwenye viatu vyake. Akakimbia sekunde 19.46. Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda mita 200 za wanaume Olimpiki kabla yake, na Botswana haikuwahi kuwa na dhahabu yoyote. Alipofika mwisho alivua kiatu akakielekeza kwenye kamera. Mama wa chupa akauliza, "Huyu ni wa wapi?" Tukamwambia. Akasema, "Ni wetu," akaendelea na chupa zake.

Mwenye kibanda hakutudai ya ziada. Siku mbili baadaye marathoni ilikimbiwa asubuhi, mkimbiaji wetu Alphonce Simbu hakupata medali, na mabingwa wa kulaumu mitandaoni wakajitokeza, wengi wao hata kukimbilia daladala hawawezi.

Kwa wapenzi wa Mashujaa, timu yetu ya Kigoma: ligi imeanza, na msimu huu nimeahidi kwenda uwanja wa Lake Tanganyika mara nyingi zaidi. Tangu Aprili walipoitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, mdogo wangu hapiti hata njia ya uwanjani. Inanifurahisha kwamba Kigoma tuna timu ya kuleta vigogo hapa nyumbani. Zamani mara nyingi tulikuwa tunawasikia redioni tu.

Agosti pia ni msimu wa harusi, na harusi siku hizi zinaanza na kundi la WhatsApp. Unaamka umeshaingizwa, jina la kundi lina moyo na pete, na mhasibu wa kamati, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimia kwa jina na kiwango chako. Michango ya mwezi huu ilinikuta sina dagaa. Nilimwandikia mweka hazina mmoja kwamba nitatoa asali lita tano badala ya hela. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ni ya nyuki wadogo. Nilijua hapo tumeelewana.

Sendoff ya binti wa dada yangu ilikuwa Ujiji. MC alikuwa na maneno mengi kuliko chakula, lakini muziki ulinyooka. Kigoma ukitaka kuwaamsha wazee weka rumba ya Kongo, ukitaka kuwaamsha vijana weka singeli, ukitaka vita weka vyote kwa zamu fupifupi, na ndivyo DJ alivyofanya. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua tangu Pasaka, alicheza mpaka akaazima kanga ya jirani kujifutia jasho. Kesho yake magoti yakamsumbua tena, mimi ndiye nikatumwa dawa.

Kaka yangu aliyeko Dar alipanda treni ya SGR kwenda Dodoma wiki ileile Rais aliyoizindua, tarehe 1 Agosti, akanitumia video za dirishani moja baada ya nyingine. Chini ya saa nne, anasema, na kikombe cha chai hakitikisiki. Nimefurahi kwa niaba yake. Huku kwetu kipande cha Tabora hadi Kigoma bado kinajengwa, na tunaendelea na reli aliyoacha Mjerumani, iliyofika hapa mwaka 1914. Napenda stesheni yetu, ni jengo zuri kuliko yote mjini, ila uzuri wa stesheni hausafirishi gunia. Na meli yetu Liemba nayo, mzee wa mwaka 1913, Agosti hii ya 2024 ilikuwa bado kwenye matengenezo. Wateja wangu wa Kirando na Kasanga wanaiulizia kila tukiongea, kama vile ufunguo ninao mimi.

Jambo jingine la mwezi huu halina burudani. Agosti hii ya 2024 homa ya nyani ilikuwa Kongo na ikafika Burundi, na tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza ni dharura ya kimataifa. Sisi boti zinazotoka huko zinashusha abiria hapahapa tunaponunulia. Nimerudisha ndoo ya kunawia mlangoni, ile ya enzi za korona, ilikuwa imegeuzwa ya kuhifadhia unga. Baadhi ya wateja wanainawia, baadhi wanaitazama tu, na yupo mmoja aliyeniuliza kama nauza maji. Siwatishi watu. Nawaomba tu wasisalimiane kwa kushikana mikono na mtu mwenye vipele kwa sababu ya haya.

Kwa wenye oda: magunia ya kwanza yanaondoka Jumatatu kwa basi, Dodoma yanashuka Jumanne. Mwezi wa angani unakwisha wiki ijayo kwa hiyo giza limekuja lote, na bei nategemea itateremka kabla haujarudi kuwa mkubwa katikati ya Septemba. Mwenye haraka anunue sasa kwa bei ya sasa, mwenye subira aniandikie kilo zake nimweke kwenye daftari. Migebuka ya kukaushwa ipo kidogo, ya kwanza kufika nimempa mtoto aliyechora ile yenye meno. Amesema haifanani.