Muhogo wa Kesho

Tiketi ya Njombe kwenda Dar es Salaam niliikata mapema nikaomba kiti cha mbele, nikapewa cha nyuma kabisa, juu ya tairi. Kilomita kama 700 za kurushwarushwa. Mahali basi lilipotushusha kula, sahani ya wali na kipande cha kuku kisichojaa kiganja ilikuwa shilingi 8,000, nikanunua karanga. Kuhusu mlima wa Kitonga na mbuga ya Mikumi sina la kusema, wanaoipita njia hiyo wanaijua. Kilichonifanya niandike kilinikuta Magomeni, jioni, katika muda usiofika hata saa mbili.

Nilikuwa nakwenda Kigamboni kwa kaka yangu. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hawakuwa na mtu wa kushika nyumba. Nilibeba begi la nguo, kiroba cha viazi mviringo na boksi la maparachichi, maana mtu wa Njombe haendi kwa watu mikono mitupu. Ilikuwa Machi 2025. Mwaka huo Ramadhani ilitangulia Jumatano ya Majivu kwa siku chache tu, kwa hiyo Waislamu walikuwa kwenye mfungo na sisi Wakristo tuko kwenye Kwaresima.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis tulifika saa kumi jioni, mvua inamwagika. Mpagazi alitaka shilingi 5,000 kwa kunivusha tu na mizigo yangu, tukasikilizana kwa 3,000, na hata hizo zilikuwa nyingi. Nikapanda basi la mwendokasi la kwenda mjini, nimesimama, boksi nimelikumbatia, jasho linanitiririka mgongoni. Joto la Dar mtu wa kwetu halizoei. Hata mvua yao ni ya moto.

Magomeni Mapipa basi likasimama na halikuondoka tena. Maji yamefunga Jangwani. Kwa asiyeijua Dar: Barabara ya Morogoro ikitoka Magomeni inateremka kwenye bonde la Mto Msimbazi kabla ya kupanda kuelekea Fire na Kariakoo, na mvua ikizidi huko juu Pugu na Kisarawe, maji yote yanapita hapo yakiitafuta bahari kule Daraja la Selander. Yakijaa, barabara hufungwa na mji unakuwa vipande viwili. Tukashuka wote. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia atanizungusha kwa Barabara ya Kawawa, tutokee Morocco, mpaka Feri, kwa shilingi 15,000. Kivuko chenyewe cha kwenda Kigamboni kilikuwa shilingi 200! Nikakataa. Nikampigia kaka, simu ikazima kabla sijamwambia niko wapi.

Nikajibanza kwenye baraza ya nyumba moja mtaa wa nyuma, nyumba za kizamani zile za korido katikati na vyumba huku na huku. Nilikuta watu wengine wamejibanza pale: wanafunzi wawili wa kike, mama mwenye mtoto mgongoni, wanaume kadhaa wameshika viatu mikononi. Mlango ukafunguka, akatoka bibi mfupi, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnasimama kama mnadaiwa? Wanaume kaeni hapo barazani, mkeka unakuja. Nyie piteni uani."

Nikamwuliza mizigo niiweke wapi. Akasema iache hapo hapo kwenye korido, hakuna wa kuigusa. Wala hakuniuliza ninatoka wapi. Hilo nililiona baadaye, na bado linanirudia. Kwetu mgeni hajakaa ameshaulizwa: wewe wa wapi, mtoto wa nani, unasali wapi. Tunauliza kwa upendo, tunataka kujua tukuweke upande gani wa undugu. Bibi yule alituingiza ndani kwanza.

Uani kulikuwa na majiko ya mkaa chini ya bati, wapangaji kila mmoja na sufuria yake, na mjukuu wa bibi, binti wa shule, anakoroga uji. Futari ilikuwa imeshaiva, imepimwa kwa watu wa nyumba ile. Bibi akaenda mbele, akachungulia barazani, akarudi. Sikumwona akihesabu kwa kidole wala kwa mdomo. Akamwambia mjukuu:

"Ongeza maji kwenye uji, utie na unga kidogo. Halafu toa ule muhogo wa kesho."

"Bibi, wa kesho?"

"Si nimesema?"

Binti akaenda chumbani akarudi na muhogo kwenye beseni, ukamenywa pale pale. Nazi zilizobaki zilikuwa mbili. Bibi akanung'unika kwamba nazi moja Ramadhani hii imefika shilingi 2,000, na sukari ndiyo usiseme, kila mwezi mtukufu ukiingia wenye maduka nao wanajua. Kisha akanigeukia mimi, akasukuma mbuzi ya nazi mbele yangu kwa mguu.

"Unajua kukuna?"

"Hapana, bibi. Kwetu tunapikia mafuta ya alizeti."

"Kaa basi ujue."

Nilikaa. Mbao ya mbuzi ile imekaliwa mpaka imekuwa laini, na ule ulimi wa chuma mbele una meno yaliyokwisha upande mmoja. Unashika kifuu kwa mikono miwili, unasukuma na kukizungusha kidogokidogo, nyama nyeupe inaanguka kwenye sinia chini. Nilikuwa nakandamiza sana. Bibi akanipiga kofi dogo mkononi: usifike kwenye ile ya kahawia, tui litakuwa jeusi. Nikapunguza nguvu. Akatia maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, akakamua, akachuja, tui zito akaliweka kando kwenye bakuli akalifunika. Akatia maji tena, akakamua tui jepesi, hilo ndilo likachemsha muhogo. Zito linamiminwa mwisho, ukikoroga bila kuacha, lisikatike. Nilikoroga mimi. Moshi unaingia machoni, mvua inapiga bati, mtoto wa yule mama amelala kwenye khanga pembeni ya miguu yangu, na kwa muda wote ule sikumfikiria kaka, sikufikiria kivuko, sikufikiria pesa za bodaboda. Tangu alfajiri kichwa changu kilikuwa kimeshafika Kigamboni na kinanisubiri huko. Kilirudi kwangu kwa sababu ya tui lisikatike.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu kuishi katika saa uliyopewa. Nimeyapenda na nimeyaandika kwenye daftari langu la kwaya. Lakini pale uani nililipata bila kulitafuta, na nadhani ni kwa sababu nilipewa kazi yenye mtu wa kuila. Mtu akiniambia nitulie, kichwa kinazidi kuzunguka. Akinipa mwiko na kuniambia kuna watu barazani hawajala tangu alfajiri, natulia.

Adhana ya magharibi ikalia, halafu ikapokewa na msikiti mwingine, na mwingine. Uani pakawa kimya. Tende zikapita kwenye kisahani, kila mtu akachukua moja, pamoja na mimi. Nikaona haya, nikamwambia bibi kwa sauti ya chini kwamba mimi ni Mkristo na sijafunga.

"Kwani nilikuuliza?" akasema, akanipa bakuli la uji.

Uji wa pilipili manga, umepoa kiasi cha kunyweka, sukari si nyingi. Wakaenda kuswali kwa zamu kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, na waliobaki tukalinda sufuria. Bibi alipomaliza akaketi mkekani, akanitazama, akasema na mimi niombe kama kwetu kunavyoombwa, kabla ya kula chakula chenyewe. Nikafumba macho. Maombi yangu siku zote yana mpangilio: ada za watoto, afya ya mama, mvua, mkopo wa kikundi. Pale nilipofumba macho sikupata cha kuomba. Niliweza kushukuru tu, na kushukuru kwenyewe kwa vitu vilivyokuwa mbele yangu: muhogo, mkaa, bati lisilovuja, wale wanafunzi wawili, bibi. Nikasema amina. Na wao wakasema amina.

Tulikula muhogo wa nazi, maharage, na samaki wa kukaanga aliyegawanywa mpaka kila mmoja akaonja. Kaimati zilienda barazani zote. Ndipo bibi akaanza kuuliza: unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Akaniambia Desemba 2011, mafuriko yale makubwa, nyumba ile ilijaa ndugu na wasio ndugu kutoka bondeni, mpaka serikali ilipowahamishia baadhi yao Mabwepande. Kuna waliokaa kwake mpaka mwaka mpya, na mmoja wao bado anamletea mchicha. Alisimulia kama anavyosimulia mtu habari za jana sokoni. Mpangaji mmoja, mama wa makamo, akaniambia wao wana mafundisho kwamba anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu kama za yule mfungaji, na za mfungaji hazipungui kitu. Kwa hiyo, akasema, bibi hapa anatushukuru sisi kwa kuja. Nikadhani ni maneno ya adabu. Lakini tulipoaga, bibi alitushika mikono mmoja mmoja na kusema ahsanteni. Yeye, kwetu.

Maparachichi nilimpa yote. Aliyapokea bila kusema "usingejisumbua" wala nini, akafungua boksi pale pale, akaanza kuyagawa akiita wapangaji kwa vyumba vyao, na mawili akampelekea jirani asiyeweza kutoka. Yeye alibakiza moja.

Nje maji ya Jangwani yalikuwa hayajapungua. Nani alikuwa barazani anafuta mdomo? Yule kijana wa bodaboda wa 15,000. Naye alikuwa amefunga siku nzima, amefuturu kwa muhogo nilioukorogea tui mwenyewe. Nikafurahi, nikamwambia haya sasa twende. Akasema 12,000. Nikamwambia mwanangu, si tumekula pamoja? Akasema ndiyo maana nimepunguza, mama, lakini petroli haijui futari. Sikuipenda bei na mpaka leo naiona kubwa. Ila alinifunika na koti lake la mvua njia nzima, yeye akalowa, na pale Feri alikibeba kiroba cha viazi mpaka ndani ya lango la kivuko. Kigamboni nilifika kaka akiwa ameshazunguka hospitali mbili akinitafuta.

Siku za Kigamboni sitazisimulia. Nilifua, nilipika mtori, nilimkanda wifi miguu, mbu walinila kwa sababu chandarua kilikuwa na tundu, na umeme wa luku uliisha mara kwa mara usiku wa joto kali. Wifi alipoanza kutembea bila kushika ukuta, nikarudi kwetu.

Lakini moyo wangu ulirudi na swali. Niko kwenye kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, ya usharika wetu, na naipenda kazi hiyo. Tunakusanya bahasha za sadaka, tunanunua unga, sabuni na mafuta, tunapanga tarehe, tunakwenda kwa wazee na yatima, tunapiga picha wakati wa kukabidhi. Chakula kile kinawafikia watu na wanakihitaji. Picha ndizo zinazonikera, na nimeshasema kikaoni, maana Yesu aliwaonya waziwazi wapigao panda wanapotoa sadaka, iko Mathayo 6. Jambo zito zaidi kwangu ni hili: sisi tunatoa kilichobaki baada ya kupanga kesho. Sijawahi kutuona tukichukua cha kesho. Na anayefika mlangoni saa ambayo kamati haijakaa, tunamwambia aandike barua kwa mzee wa kanisa.

Mama yangu hakuwa hivyo. Nilipokuwa mdogo wapita njia wa kutoka shambani walikuwa wakiketi jikoni kwetu kuota moto, na viazi vilivyokuwa kwenye majivu walivila, nasi tukilalamika. Sasa nyumba zetu zina mageti, na baridi ya Njombe ni kisingizio kizuri cha kufunga mlango mapema.

Nimepeleka pendekezo. Kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, ambapo Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza siku hiyohiyo au kesho yake, ikitegemea kuonekana kwa mwezi. Nataka mara moja kila wiki, saa ya magharibi, tukae stendi na sufuria za uji kwa ajili ya abiria wanaoshuka na baridi, awe amefunga au hajafunga, bila kumwuliza. Nimeongea na kina mama wa msikitini, wamekubali kuleta tende na kutuambia saa kamili ya kufuturu. Kwenye kamati bado tunabishana. Mhazini anataka fedha zitoke kwenye bahasha. Mimi nataka kila mmoja alete kitu kutoka jikoni kwake. Mchungaji ameuliza kuhusu kibali cha stendi, na hilo lazima lifuatiliwe. Nazi huku bei yake haishikiki, kwa hiyo itakuwa uji wa ulezi na viazi vya kuchemsha. Sufuria kubwa ninayo, kuni ameahidi shemeji.