Shangazi na kipimo cha mkojo

Shangazi alikuwa mpishi wa shughuli pale Tanga, na mwili wake ndio uliokuwa tangazo lake. Pilau ya mpishi mkondefu, watu walisema, haiaminiki. Mizani aliyoijua yeye ilikuwa ya mchele.

Machi 2017, Siku ya Figo Duniani, nilimsindikiza kwenye upimaji wa bure. Kaulimbiu ya mwaka ule ilihusu figo na unene, jambo lililomkera tangu mlangoni. "Wametuita waje kututukana." Alikubali kwenda kwa sababu ya magoti tu, yaliyomsumbua mpaka diklofenaki, dawa ya maumivu, ikawa haikosi kwenye pochi yake.

Kilo 112. Presha 150 kwa 95. Sukari ilikuwa sawa, na hapo akanitazama kwa ushindi, maana mtaani kwetu ukishasema huna sukari, habari za unene zimekwisha. Kisha wakachovya kijiti kwenye mkojo wake, kikabadilika rangi. Protini.

Daktari, binti mdogo aliyempa shikamoo kabla ya kumkaribisha kiti, akamuuliza kama mkojo wake hutoa povu. Hutoa, akasema shangazi, lakini choo si kinasuguliwa kwa sabuni kila asubuhi?

Binti akavuta kiti karibu. Kila figo, alisema, ina vichujio karibu milioni 1, na mtu huzaliwa navyo. Mwili ukiongezeka, vyenyewe haviongezeki. Hulazimika kuchuja kupita kiasi, vinatanuka, mwishowe vinapata makovu na kuiachia protini ipite. Presha nayo huzidi kuviumiza, na mafuta yanayoizunguka figo huibana.

"Hata kama sina sukari?"

"Hata kama huna, mama."

Shangazi akafikiri kidogo. "Yaani jiko la watu kumi, mimi nalipikia harusi." Daktari akacheka, akasema maneno hayo atayatumia kwa wagonjwa wengine.

Majibu ya damu yalipotoka, kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ilikuwa ya kawaida, na shangazi akashika mkoba wake tuondoke. Binti akamrudisha. Kreatinini huchelewa kusema. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake ndipo ipande. Mkojo ungepimwa tena, na kama protini ingeendelea kuonekana baada ya miezi mitatu, huo ungeitwa ugonjwa. Diklofenaki ilipigwa marufuku papo hapo kwa sababu huumiza figo, akaandikiwa losatani, inayoshusha presha na kupunguza upotevu wa protini.

Kuhusu chakula walibishana sana. Shangazi aliapa kwamba hali, na kwa kweli mezani hakuwa mlaji. Kilo zake zilitoka kwenye kuonja, mwiko hadi mwiko tangu alfajiri, na kwenye soda za kupoza joto la jikoni. Kuonja akamwachia mpwa wake, yaani mimi. Soda alizililia.

Alipoanza kupungua, maneno yakaanza. Kwetu mwanamke akikonda, ama anaumwa, ama ndoa imemshinda. Kwenye harusi moja mama mmoja akamwuliza mbele za watu, "Mwenzetu, una nini?"

"Mkojo wangu umeacha povu," shangazi akajibu. "Wako je?"

Yule mama alicheka kuliko wote. Wakati wa kupakua akanivuta pembeni, akaniuliza wanapimia wapi.